Fundi na Utando wa Buibui

Fundi hakupenda kusalimiwa wakati sauti inacheza. Ukiingia studio kwake ukamkuta amebonyeza noti moja ya kinanda na kuinua kidole, ulitakiwa usimame pale pale mlangoni, viatu mkononi, mpaka noti ile iishe yenyewe. Ndipo uamkie. Mara ya kwanza mimi sikulijua hilo. Nilitoka kazini na nguo zangu za ofisini, nikasukuma mlango na kusema shikamoo kwa sauti ya mtu aliyefunzwa adabu kwao. Hakuitikia. Alibaki amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wa kulia, nikadhani nimeelekezwa kwa mgonjwa. Baadaye akafumbua macho.

"Marahaba. Umeiua," akasema.

"Nimeua nini, mzee?"

"Sauti. Ilikuwa inakufa vizuri, ukaja ukaikanyaga. Haya, kaa."

Nilikaa, na kwa miaka mingi baada ya hapo sikuacha kwenda. Nilikuwa nimehamia Dodoma kutoka pwani pamoja na wizara yangu, kama maelfu ya wenzangu, nikapanga Ipagala, nyumba ya tatu kutoka kwake. Sikuwa na ndugu mjini. Nilichokuwa nacho ni laptop iliyopasuka kioo pembeni na nyimbo zangu za kielektroniki ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Mpangaji mwenzangu aliponisikia nikizipiga chumbani, akaniambia kwa huruma kwamba mtaani kuna mzee ana ugonjwa kama wangu.

Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Alirekodi kwaya, matangazo ya maduka, vijana wa bongo fleva na wale wa singeli wanaoimba kana kwamba wanafukuzwa. Akirekodi alizima feni ili isiingie kwenye maikrofoni, na kwa joto la Oktoba watu walitoka mle wameloa kama waliobatizwa. Wote walimwita Fundi. Hata mkewe alimwita Fundi, na akiwa amemkasirikia alimwita Fundi Mkuu.

Watu wengi hawajui kwamba siku hizi ndani ya kompyuta mmejaa vinanda. Havina mbao wala nyaya, ni programu tupu, na wenye kazi yao huviita sinthesaiza. Ukiwa mgeni utadhani vyote ni kitu kimoja, maana vyote vinatoa sauti za besi, za kengele, za filimbi, na vyote vinatokea kwenye spika ile ile. Fundi ndiye aliyenionyesha kwamba kila kimoja kina tabia yake, na tabia haifichiki hata ukibadilisha nguo. Majina ya viwandani hakuyatumia. Alivipa vya kwake majina ya watu.

Kimoja alikiita Bi Harusi. Hicho kiling'aa, kila noti imepakwa mafuta, na vijana wote walikitaka. "Mzuri," alisema, "lakini hebu mwombe alie uone." Kingine alikiita Karani, kwa sababu sauti zake zilitokana na hesabu: baridi, safi, vyuma na kengele, kila kitu mahali pake. Nikamwambia mimi mwenyewe ni karani, akasema ndiyo maana amenifundisha huyo kwanza. Wa tatu alikuwa Mlevi. Huyo aliigiza vinanda vya zamani vya umeme, na noti zake hazikukaa kwenye mstari. Zilianza hapa zikateleza kidogo pale, halafu zikajirudi kwa aibu. Wa mwisho aliitwa Mchungaji, na hakuwa na haraka. Ukimbonyeza, alijikohoza kwanza, akapanda taratibu, na akishapanda hakuna wa kumshusha. Watu wa kwaya walimpenda kufa.

Kabla ya somo, Fundi alichukua kanga ya mkewe akaifunika skrini yote. Hiyo ilikuwa sheria. Alisema macho ni waongo na yana haraka, yakishaona mistari mizuri kwenye skrini yanayaambia masikio kwamba kazi imekwisha. Skrini ikishafunikwa, alipiga wimbo ule ule mfupi kwa kinanda kimoja, kisha kingine, akaniuliza nani huyo.

"Bi Harusi," nikasema siku moja, kwa kujiamini kabisa.

"Sikiliza mwisho."

"Bi Harusi, Fundi."

"Huyo ni Karani kaazima gauni. Nyie watu wa pwani, chumvi imewajaa masikioni. Usisikilize anavyoingia. Mlangoni kila mtu anapendeza. Sikiliza anavyoondoka."

Na kweli, nilipoacha kusikiliza pale noti inapoanza, nikasikiliza inapokwisha, vilitengana vyenyewe. Bi Harusi aliondoka kama aliyeitwa na gari nje. Karani alishuka ngazi kwa ngazi, kila ngazi sawa na mwenzake. Mlevi aliondoka akigeuka nyuma. Mchungaji hakuondoka, ulilazimika kumzimia taa.

Neno "nzuri" lilikuwa haramu mle ndani. Ukimwambia sauti fulani ni nzuri, alikuuliza kama unanunua kiatu. "Niambie ni ya nini," alidai. "Ya bati? Ya chungu? Ya ngozi? Ya uji?" Kwa hiyo tulizungumza kwa maneno ya jikoni na ya mabati, mimi na yeye, hata mkewe akatuuliza kama tunafundishana upishi. Nilipokuwa ofisini, kwenye vikao virefu, nilijikuta nikimsikiliza mkurugenzi na kuwaza kwamba yule ni Mchungaji na katibu wake ni Karani. Hicho ndicho Fundi alichonifanya, na sijui kama ni cha kushukuru au cha kulalamikia, maana tangu hapo sijawahi kusikia kitu nikakiacha kipite.

Hakuwa mtu mwepesi. Kijana mmoja alikuja akataka sauti yake inyooshwe kwa programu mpaka isionekane inakosea popote. Fundi akanyoosha. Kijana akasema ongeza. Akaongeza. Akasema ongeza tena. "Nikikunyoosha zaidi ya hapo, mwanangu, utakuwa huna mfupa," Fundi akasema, kisha akamnyoosha hivyo hivyo, kwa sababu nyumba ile ilikula kwa kunyoosha watu. Aliudharau usafi wa sauti na aliuuza kila siku. Nilimwuliza mara moja kama haoni kwamba anajipinga. Akasema anaona, na akaniomba nimpitishie kikombe cha chai.

Alikuwa na jambo jingine nisilolielewa. Studio yake ilikuwa safi kuliko zahanati. Vumbi la Dodoma lina bidii, linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa, lakini kwake hukuliona. Viatu vilivuliwa nje, meza ilifutwa, vifaa vilifunikwa. Ila kwenye pembe za dari, na nyuma ya kabati, buibui walikuwa wanaishi kama wapangaji waliolipa. Hakuna aliyeruhusiwa kuwagusa. Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na vile vitando vyao vyeupe, vidogo, laini kama karatasi, wanavyofunikia mayai yao. Nilidhani ni ushirikina wa kwao.

Na kila alipopata kinanda kipya cha kompyuta, baada ya majaribio yote, alifanya jaribio la mwisho peke yake, mimi nikiwa nimekaa tu. Alikitafutia sauti ya marimba ya Kigogo, yale ya vijiti vya chuma, ya kupakata mapajani na kupiga kwa vidole gumba. Alizungusha vitufe, akabonyeza noti, akainua kidole, akafumba macho. Mwisho alisema neno lile lile.

"Haivumi."

Kisha alikizima kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa.

Siri ya buibui niliijua siku shemeji yake alipokuja kusalimia kabla ya Krismasi. Mama wa watu aliona pembe zile, akaona aibu kwa niaba ya dada yake, akachukua ufagio. Fundi alirudi kutoka sokoni akakuta dari inang'aa. Hakugomba. Aliketi kwenye kiti chake cha kazi, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nilimkuta hivyo. Nikaamkia, akaitikia, na bila kuulizwa akaanza kusema.

Kwao ni Bahi. Huko alikuwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, mpigaji wa marimba ambaye watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kumsikiliza. Boksi la marimba yale huwa lina vitundu, na juu ya kila kitundu mpigaji anabandika kile kitando cheupe cha buibui. Ukipiga chuma, kitando kinatetemeka, na sauti inavuma.

"Watu husema ni kama nyuki," Fundi alisema. "Siyo. Wewe unaujua uji ukipoa, ule utando wa juu? Upulize kidogo. Unavyotetemeka, ndivyo. Unachelewa kidogo baada ya noti, halafu noti ikishakwenda wenyewe unabaki. Mjomba alikuwa anauacha ubaki. Alikuwa anasubiri."

Fundi alikuwa kijana, ametoka kujifunza kurekodi Dar es Salaam, na amerudi na mashine ya kuazima. Akaenda Bahi kumrekodi mjomba. Akaweka maikrofoni, akavaa hedifoni, mjomba akapiga. Na katika hedifoni zile nzuri kijana yule akasikia kitu kinakwaruza.

"Nikamwambia, mjomba, kuna kelele. Akacheka. Akasema, hiyo ndiyo inayoimba, mimi nashika chuma tu. Nikamwambia mjini hawataki kelele. Unajua nilifanya nini?" Aliinua kidole gumba cha mkono wa kulia akanionyesha ukucha. "Nikavibandua. Kimoja kimoja. Mwenyewe, kwa ukucha huu. Na mzee wa watu akanipigia hivyo hivyo mchana kutwa, bila mvumo, kwa sababu nilikuwa nimesoma."

Mvua zilizofuata mjomba akafariki. Boksi la marimba likaliwa na mchwa. Rekodi ikabaki, safi kabisa, haina kasoro hata moja. Nilimwuliza kama hakuna wapigaji wengine. Akasema wapo tele, na wanapiga vizuri, lakini kila mmoja na mvumo wake kama kila mtu na kikohozi chake. Alishajaribu kubandika utando mwenyewe kwenye marimba ya kununua. Ndiyo maana aliwafuga wale buibui. Ulivuma, ila mvumo wa mtu mwingine. Ndipo akawaza kwamba vidole vya mjomba anavyo kwenye rekodi, kilichokosekana ni utando tu, na kama dunia ina vinanda vya kompyuta vingi hivi, haiwezekani kwamba hata kimoja hakina utando ule ndani yake.

"Kwa hiyo vyote hivi," nikasema, "Bi Harusi, Karani, Mlevi..."

"Ninawafanyia usaili," akasema. "Mpaka leo hakuna aliyefaulu."

Siku hiyo alinipa nakala ya rekodi. Nimeisikiliza mara nyingi mno. Mpigaji ni hodari ajabu, vidole havikosei, na kila noti inapoisha kuna nafasi tupu, kubwa, ambamo mzee yule anasubiri kitu ambacho hakiji. Huwezi kuisikiliza mara mbili bila kutaka kulia. Mjomba aliendelea kuuachia mvumo nafasi yake ingawa alijua umebanduliwa.

Sasa niseme la kanga. Mwaka fulani niliona kanga haipo tena kwenye skrini. Nilidhani mkewe kaidai. Nilipouliza, Fundi akasema macho nayo yamesoma, tuyape nafasi. Tukaendelea. Lakini nilimwona akirekebisha wimbo huku ameikodolea macho ile mistari inayopanda na kushuka, akiipanga kwa kuitazama kama mtu anayeweka sahani kabatini. Nilishangaa, nikasema labda ni uzee, labda amechoka.

Kisha akaja kiongozi wa kwaya ya hapo mtaani, mama mmoja mpole ambaye kwaya yake Fundi alikuwa akiirekodi tangu zamani.

"Fundi, shikamoo. Ule wimbo wetu mpya tumeupiga kanisani."

"Marahaba. Enhe?"

"Watoto wameziba masikio."

"Spika zenu zimeharibika."

"Spika ni zile zile, Fundi. Unakata. Kila penye 'si' na 'sha' unakata kama wembe."

"Basi watoto wenu ndio wameharibika," Fundi akasema, na mama yule akacheka kwa heshima, halafu hakucheka tena. Fundi akanigeukia. "Wewe mtu wa pwani. Unakata?"

Akaupiga wimbo. Sauti za juu zilikuwa zimepandishwa mpaka zinachoma. Niliusikia mpaka kwenye meno.

"Unakata, Fundi."

Hakukasirika. Aliitazama skrini muda mrefu. "Mbona mistari imekaa sawa?" akauliza. Aliuliza kweli. Alikuwa anataka nimjibu.

Nilijua kwa hakika wiki iliyofuata. Nilifika nikamkuta anafanya jaribio lake, kinanda kipya, noti moja, kidole juu, macho yamefumbwa. Nikasimama mlangoni na viatu mkononi kama kawaida. Noti ikashuka, sehemu yake nene ikaisha, ukabaki ule mkia mwembamba wa juu, mzuri, unalia bado. Nikaungoja. Fundi akafumbua macho, akaniona.

"Mbona husalimii?" akasema.

Mkia ulikuwa bado unalia. Niliamkia juu yake, niliukanyaga kwa makusudi ili asijue. Sijawahi kuichukia shikamoo kama siku ile.

Alikuwa anajua, bila shaka. Alishakwenda hospitali kimya kimya, na daktari akamwambia sauti za juu zimekwenda, ni kazi ya spika za miaka yote, na hazirudi. Na za chini zitafuata polepole. Walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa wiki moja akakivua. Alisema kinafanya watu wote waongee kama Karani, hata mkewe, na yeye hakuoa Karani. Tulicheka, na nilipokuwa nacheka nilijua kwamba mvumo wa mjomba, kama ungepatikana leo, unaishi huko huko juu ambako yeye hafiki tena.

Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, bila kugombana. Kijana asiye na mfupa alifungua studio yake Area D na akafanikiwa sana. Kabla ya Fundi kufunga, aliniita akanikabidhi vinanda vyake vyote vya kompyuta kwenye diski, na akasema neno moja tu kuhusu ule mvumo: "Wewe unasikia. Tafuta." Yeye na mkewe wakarudi Bahi, kwenye shamba lao la mpunga. Buibui waliachwa kwa mpangaji mpya, ambaye bila shaka alianza kwa kuwafagia.

Nilitafuta. Nilitafuta kila nilipotoka kazini, mwaka hadi mwaka, mpaka rafiki yangu akasema nimeolewa na kompyuta. Sikuwahi kumsikia mjomba akivuma. Nilichokuwa nacho ni maneno ya Fundi: uji uliopoa, unachelewa kidogo, unabaki. Nilipika uji, nikauacha upoe, nikaupuliza huku nikiutazama. Mtu angeniona angenihurumia. Bi Harusi alishindwa siku ya kwanza. Karani alinipa mtetemo unaokaribia wa ngozi kavu, ila ulikufa mapema na kwa mpangilio. Hatimaye nilimchukua Mlevi, nikamnyamazisha noti zake zote nikabakiza ule mtetemo wake tu, na chini yake nikamweka Karani kwa mbali sana, ili Mlevi awe na kitu cha kuegemea. Nikaufunga kwenye vidole vya mjomba, kila noti na utando wake. Nikazima skrini, nikasikiliza. Zile nafasi tupu zilijaa. Kila mahali mzee yule aliposubiri, kitu kilikuja. Nililia peke yangu chumbani, kwa furaha, halafu nikakumbuka naupeleka kwa nani.

Niliwaza nisiupeleke. Lakini alikuwa amesema tafuta, na mtu akikutuma huachi kurudi.

Nilifika Bahi kwa bodaboda, tukipita kingo za majaruba ya mpunga, maji yamejaa na ndege weupe wamesimama ndani. Mkewe alikuwa kivulini mwa nyumba, ungo mapajani, anapepeta mchele. "Mbukwenyi!" akasema, akacheka kwa kunishtua na salamu ya Kigogo, akanikumbatia na mikono yake yenye pumba. Fundi alikuwa kwenye kiti cha kamba pale nje. Alikuwa amekonda. Niliamkia mara mbili ndipo akaitikia, akapigapiga kwa kiganja benchi lililokuwa upande wake wa kulia.

"Kaa huku. Huko kushoto ni giza. Na uongee kwa nguvu, usinionee haya."

Tuliongea kwa nguvu kuhusu mvua na mpunga. Kisha nikatoa laptop na spika ndogo, nikaiweka juu ya stuli mbele yake. Hakuuliza ni nini. Alifumba macho na kuinamisha kichwa upande wa kulia, kama siku ile ya kwanza.

Nikapiga. Vidole vya mjomba vikaanza, na mvumo ukaja nyuma yake, ukachelewa kidogo, ukabaki. Hapo uwanjani, kwenye hewa, ulikuwa bora kuliko chumbani kwangu. Fundi alitikisa kichwa kwa mwendo wa noti. Ilipofika noti ya mwisho, nikauacha mkia mrefu kama mjomba alivyouachia nafasi. Fundi akafumbua macho mkia ukiwa bado unalia.

"Umenitunzia rekodi yangu," akasema, na akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mgeni. "Asante, mwanangu. Safi kabisa. Nilidhani umeniletea mpya."

Nyuma yake ungo ulikuwa umesimama.

"Ee!" mkewe akasema. "Huyo si mjomba huyo? Nani anapiga marimba ya mjomba?"

Alinyanyuka, mchele ukamwagika, hakuutazama. Alikuwa ameolewa pale mjomba angali hai. Alikuwa amepika chai ya wageni wake. Alikuja akasimama mbele ya ile stuli na viganja mdomoni. Fundi hakusikia alichosema, ila uso wake aliuona. Aliutazama, kisha akautazama wa kwangu.

"Inavuma?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Nilifungua kinywa nidanganye.

"Inavuma, Fundi."

"Ya nini? Niambie ya nini."

"Ya uji. Uji uliopoa."

"Inachelewa?"

"Inachelewa kidogo."

"Na inabaki?"

"Inabaki."

Alikitazama kidole chake gumba. Alikisugua ukucha kwa kidole kingine, taratibu, kwa muda. Nilitaka anitukane, aitupe ile spika kwenye majaruba, afanye lolote.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii hakufumba macho. Alimtazama mkewe tangu mwanzo mpaka mwisho, akafuata usoni mwake kila noti ilipokuja na kila ilipobaki, na machozi ya mkewe yalikuwa yanashuka bila kufutwa. Noti ya mwisho ikapigwa. Sehemu nene ikaisha, ukabaki mvumo peke yake.

"Imeisha," Fundi akasema. "Zima, utunze betri."

"Usizime," mkewe akasema kwa sauti ndogo.

Fundi hakumsikia. Nikaondoa mkono kwenye laptop. Tukakaa pale mimi na mkewe tunasikiliza, na Fundi akawa anatusubiri tumalize.